Mwaka Tuliozika Mgomba

Mara ya kwanza Salum alipokufa nilikuwa na miaka kumi na tisa, na aliyetangaza kifo chake nilikuwa mimi. Mara ya pili ilikuwa mwaka huu, wiki ya tamasha, na sasa arobaini yake imepita ndipo nimepata utulivu wa kukaa mezani hapa Gairo na kuandika. Vijana wanaoendesha tamasha siku hizi waliniomba niwaandikie historia yake, ukurasa mmoja tu, wa kubandika ukutani. Niliwaambia ukurasa mmoja hautoshi hata kumlaza Salum kwenye jamvi. Walicheka, wakidhani natania. Wao wanajua kwamba tamasha letu la mtaani pale Bigwa hufunguliwa na mwanamke anayesimama katikati ya barabara, akaugeukia mlima, akafungua kinywa na asitoe sauti. Kisha mgomba uliovishwa shuka hubebwa kwenda kuzikwa, na baada ya hapo ndipo ngoma, sarakasi, michoro ya ukutani na kelele zote. Wageni wenye kamera huuliza maana yake, na vijana humjibu kila mmoja kwa namna yake. Kuna mmoja nilimsikia akieleza kwamba ni ujumbe kuhusu mazingira. Nilimwacha, maana alikuwa anaeleza vizuri na mgeni alikuwa anaandika. Ukweli ni kwamba jambo lote lilianza kwa kosa langu, na mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Salum alikuwa mwandishi wa mabango. Saluni, bucha, duka la dawa, zote za upande ule wa mji zilikuwa na herufi zake, na alikuwa na tabia ya kuipa herufi ya mwisho mkia mrefu hata pale mwenye duka alipomkataza. Alipanga chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, mwenye binti aitwaye Zuhura, na chumba hicho ndicho kilichokuwa shule yangu mwaka ule niliomaliza kidato cha nne nikawa sina pa kwenda. Nikifumba macho nakiona: makopo ya rangi yaliyokauka ukingoni, harufu ya tapentaini iliyoingia hadi kwenye chai, jamvi moja, na dirisha dogo lililojaa mlima wa Uluguru, mpaka ukikaa chini huoni mbingu. Tulikuwa saba: wawili watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha Mzinga waliojua kuruka sarakasi, watatu wa hapo hapo mtaani, Salum, na mimi niliyeshuka kutoka kijiji cha misheni juu huko na lafudhi yangu iliyowachekesha. Mchana tulikula magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Chumba kilitenganishwa na jiko la mama mwenye nyumba kwa ukuta wa mabanzi, kwa hiyo kila alichowaambia jirani zake tulikisikia. Siku moja alisema, bila hata kupunguza sauti, kwamba watoto hawa wanacheza na maiti, na siku moja maiti itawachezea wao. Salum aligonga ukuta kwa adabu, akamwomba chumvi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wake. Mzee anakufa, na kabla hajazikwa, watoto wake na wapwa zake wanagombania shamba. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo ugomvi huo kila nyumba inao, na Salum, Mwislamu wa mjini, aliupenda kwa sababu aliwahi kuuona ukivunja familia ya rafiki yake. Yeye ndiye angekuwa marehemu. Alisema hakuna mwingine anayeweza kulala kimya kiasi hicho, na kwa kuwa shuka lilikuwa lake tulikubali. Mimi nilipewa kilio. Nilikuwa na kilio, hilo nalisema bila aibu. Bibi yangu mzaa mama alinifundisha nikiwa mtoto, juu kabisa kwenye mashamba. Kuna kilio cha huzuni, nacho kila mtu anacho, na kuna kilio cha kuita. Cha kuita hakina machozi. Anayekitoa hutoka nje, huugeukia mlima, huanza juu sana, hukata, huanza tena chini kidogo, kisha huvuta mpaka pumzi iishe. Wanaolima kwenye miteremko hutua majembe wakasikiliza, wakajua ni upande gani na kama aliyekufa ni mkubwa au mtoto. Basi hushuka. Hakuna anayesubiri kuambiwa mara ya pili. Kule chumbani, kwa ajili ya mama mwenye nyumba, nilikuwa nalia kidogokidogo tu, nikiuma kanga, na Salum alikuwa ananiambia itatosha.

Afisa wa kata alitupa kibali cha siku moja, na alisema wazi kwamba tukikosa watu tusikanyage tena ofisini kwake. Salum alichora mabango kumi na mawili. Siku yenyewe, Jumamosi, tulifunga barabara kwa mabenchi, wenzetu wakachora ukuta wa duka, wale wawili wakaruka sarakasi, na watu hawakuja. Mji ulikuwa na mambo yake. Tukaanza mchezo hivyo hivyo. Salum alikuwa amelala barabarani, amefunikwa gubigubi, nami nilikuwa nimepiga magoti kichwani pake, nikasikia ananong'ona chini ya shuka.

"Yusti. Wangapi?"

"Kumi na mmoja. Na mbuzi wawili."

Nikaona shuka linapanda na kushuka. Alikuwa ameliwaza tamasha hilo miaka mitatu, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, na sasa lilikuwa linamfia akiwa amelala.

"Basi lia," alisema. "Lia kweli."

Mtu wa mjini angelia tu pale alipo, akiwaangalia watazamaji. Mimi nilifanya nilivyofundishwa: nilisimama, nikawapa watazamaji mgongo, nikaugeukia mlima. Nilitoa kilio cha bibi yangu chote, mara tatu. Mlima ukanirudishia. Sijawahi kusikia kitu kama kile tena, sauti yangu mwenyewe ikinijia kutoka juu ikiwa kubwa kuliko mimi, nikaogopa. Halafu nikainua macho. Kule juu, kwenye mashamba ya kabichi na maharage yaliyokatwa ngazi kwa ngazi, watu wadogowadogo waliokuwa wameinama walikuwa wanasimama, mmoja mmoja, mteremko mzima. Kisha walianza kusogea, wote kuelekea chini.

Wenzangu walikuwa wameshaanza kugombania shamba la marehemu, nami nilirudi kupiga magoti bila kuwaonya. Mchezo ulikuwa mrefu, Salum hakujua kufupisha. Tulipofika kwenye wapwa kudai hati ndipo wa kwanza walipotokea kwenye kona ya mto, wanawake waliojifunga kanga kiunoni, na vikapu vya unga kichwani. Nyuma yao walikuja wengine na kuni, mikungu ya ndizi, sufuria. Wanaume walikuwa na majembe ya kuchimbia. Walitembea bila kuongea, wakajaza barabara kutoka ukuta hadi ukuta, na waliotufikia walikaa chini, wakanyoosha miguu, kama wakaavyo watu msibani. Yule aliyecheza mpwa mkubwa alisahau maneno yake.

Aliyetutoa pale alikuwa Mzee Kobelo. Kwetu koo zina watani wao, na mtani msibani ana ruhusa ambayo mwenye msiba hana: atamwiga marehemu, atazuia jeneza, ataficha jembe, na hakuna wa kumkasirikia. Mzee Kobelo alikuwa mtani wa nusu ya mlima, na hakuwa na subira ya kuuliza huyu ni wa ukoo gani. Alifika amejipaka majivu uso mzima, amebeba tenga bovu, akasimama juu ya Salum akamlaumu kwamba amekufa kwa uvivu ili asilime mwaka huu. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani chenye machozi ndani. Akamnyunyizia majivu. Hapo ndipo maiti ilipopiga chafya.

Kuna waliokimbia. Mama mmoja alimwaga unga wote. Salum aliketi ndani ya shuka, kope zimejaa majivu, akatazama umati ambao hakuwahi kuuota, na akafanya jambo la kipumbavu kuliko yote aliyowahi kufanya: alitabasamu. Katikati ya umati alisimama Bibi Anjela. Alikuwa mkulima wa kabichi, mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuongoza rozari, na nilimjua tangu utotoni kwa sababu alikuwa akitukimbiza kwenye miti yake ya matunda. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Nani kafa?" aliuliza.

Nikasema hakuna, bibi, ni maigizo. Aliwatazama wanaume wenye majembe, akautazama unga uliomwagika, akanitazama tena. Hakupandisha sauti.

"Kilio hicho umepewa na bibi yako, nakijua. Leo umekitumia kwa huyu anayecheka. Siku akifa kweli utatumia kipi?"

Nilianza kulia machozi ya kweli mbele ya watu mia na zaidi. Salum naye aliacha kutabasamu. Nadhani wangeweza kutupiga siku ile na wangekuwa na haki. Lakini kulikuwa na shida kubwa kuliko sisi: unga wa msiba haurudishwi nyumbani. Kuubeba mpaka kwako ni kukibeba na kifo, na hakuna mama pale aliyekuwa tayari kupandisha mlima na kikapu kile. Wazee walijitenga ukutani, chini ya bango la saluni lenye mkia mrefu, wakashauriana. Tulisikia vipande vipande. Mmoja alisema wakale hapo hapo. Mwingine akasema huwezi kula msiba usiokuwa na kaburi. Ndipo Bibi Anjela aliporudi na hukumu. Zamani mtu akipotelea mbali na mwili usipopatikana, walizika mgomba badala yake. Kilio kimeshatoka, alisema, hakiwezi kuachwa kikizurura hivi hivi. Lazima kipewe kitu cha kuzika. Na mimi niahidi mbele ya wote kwamba sitakitoa tena mchezoni. Nikaahidi, nimeshika unga uliomwagika, kwa sababu ndio ulikuwa mkononi.

Walikata mgomba nyuma ya nyumba ya mama yake Zuhura, wakauvisha shuka la Salum, wakaubeba. Majembe hayakuwa ya bure sasa. Kaburi lilichimbwa kando ya mto, Mzee Kobelo akaingia ndani na kukataa kutoka mpaka apewe ndizi mbivu, watu wakacheka tena, safari hii bila machozi. Mgomba ukafukiwa. Ugali ukapikwa barabarani, kwenye mafiga kumi au zaidi, maharage, mboga za majani, ndizi, na tulikula sote, Waislamu wa mtaani na Wakatoliki wa mlimani, mabega yakigusana. Walipokwisha kula hawakuondoka. Waliuliza kama yale mabenchi ni ya nini. Basi wale vijana wa Mzinga waliruka tena, na safari hii kila mruko ulipokewa na mteremko mzima. Mtu alipanda mbio kuleta ngoma. Akina mama waligusa mchoro wa ukutani kwa vidole kuona kama ni kweli. Afisa wa kata alikuja jioni kuangalia kama tumekosa watu, akashindwa kupita. Nilikuwa nimekaa mlangoni na sahani yangu, nikitazama, na nilijisikia mdogo na mwenye bahati, kwa sababu nilikuwa nimeona kinachofichwa na mlima ule: kwamba juu yetu, kila siku, kulikuwa na watu walioinama shambani wenye sikio tayari, na mtu yeyote, hata wasiyemjua, angeita wangeshuka.

Habari zilifika mbali. Baada ya wiki chache alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mkuu wa kikundi cha maigizo, mwenye shati lililopigwa pasi. Alitaka kutuchukua sote tukacheze huko, ukumbini, kwa sharti moja: msichana wa kilio awepo, na kilio kiwepo. Salum alifurahi hadi akashindwa kula. Na mimi nilitaka, nisidanganye. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilipanda kwa Bibi Anjela nikamwombe anifungue ahadi, nikiwa nimeshapanga maneno njia nzima: kwamba Dar ni mbali, kwamba huko hakuna mlima wa kusikia. Alinikaribisha jikoni, akanipa gimbi la moto, akatoka kumalizia kumwagilia. Nikiwa pale niliwasikia wanawake wawili wakipita nje na mizigo yao. Mmoja alikuwa anasimulia kwamba juzi walisikia kilio upande wa Bigwa, wakasimama, kisha wakaambiana ni wale watoto tena, wakaendelea kulima. Kumbe alikuwa mama wa fulani, amekufa kweli. Alizikwa na watu sita. Binti yake aliita mpaka sauti ikakauka, akidhani hajasikika.

Nilibaki na kipande cha gimbi mkononi. Bibi Anjela aliporudi aliuliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kumsalimia.

Niliposhuka na kumweleza kwa nini sitakwenda, Salum hakunielewa. Alisema ni sauti tu, Yusti, ni pumzi inayopita kooni, na kwamba yule mama angekufa hata kama tungebaki kuchora mabango. Nikamwambia sizungumzii kufa kwake, nazungumzia kuzikwa na watu sita. Bwana wa Dar aliondoka na wale vijana wawili wa sarakasi, na masika yote Salum alipita dukani nilikokuwa nauza mkaa bila kunisalimia. Nilimlilia kimoyomoyo kuliko nilivyomlilia barabarani. Mvua zilipokatika alikuja, amebeba magimbi kwenye kopo la rangi lililooshwa vibaya. Alisema amefikiria. Tufanye tamasha tena, tuzike mgomba tena, watani waje, na mahali pa kilio nisimame nigeukie mlima, nifungue kinywa, nivute pumzi yote, nisitoe kitu. Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini tulipofanya, mbele ya barabara iliyojaa, niliposimama na kinywa wazi, umati wote ulishika pumzi nami, na ukimya ule ulipanda mlimani, nikauhisi ukipanda. Bibi Anjela alikuwa mstari wa mbele, mikono mitupu. Tulipomaliza alisema tu, "Hapo sawa," akaomba maji ya kunywa.

Nikawa mwalimu, nikapangiwa Gairo, nikazeekea huku. Salum alimwoa Zuhura na hakuacha mabango wala tamasha. Kila mwaka nilishuka Bigwa wiki ile, kwanza kusimama na kinywa wazi, baadaye kuwafundisha wasichana wengine kusimama. Mwaka huu nilifika Jumatano. Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, Salum aliinuka kuchanganya rangi, akasema amechoka, akalala. Hakuamka. Zuhura alinishika mkono. Maiti ingezikwa siku ile ile, baada ya adhuhuri, na mtoto wao alikuwa ameshatuma ujumbe kwenye makundi yote ya simu. Majibu yalikuwa yanaingia, pole, pole, alama za viganja vilivyokutana, na uani kulikuwa na watu tisa. Kule juu wazee hawana simu hizo, na wenye nazo walikuwa shambani. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine. Ilikuwa wiki ya tamasha. Mabango yalikuwa yameshabandikwa. Nani angeshuka?

Zuhura alinisoma uso. Alisema dini haitaki kuomboleza kwa makelele, lakini hili si kuomboleza. "Ni kuita," alisema. "Nenda, dada."

Nilitoka barabarani, palepale. Nina miaka sitini na kitu na sauti yangu imechakazwa na chaki. Nikaugeukia mlima. Sikuwa nimekitoa tangu siku ile, hata kwa mama yangu, aliyefia hospitali mbali na miteremko. Kilianza juu, kikakatika, nikadhani kimekufa, kikaja tena. Mara tatu. Mlima ukanirudishia, ukiwa na kutu kama mimi. Na pale kwenye mashamba niliwaona wakisimama. Walisimama muda mrefu, na mimi nilijua wanachojiuliza, nikajua pia wanachokijua: kwamba kwa miaka yote hii, mahali pa kilio, tamasha la Bigwa halijawahi kutoa sauti. Kisha walitua majembe.

Wa kwanza kufika alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, simu imening'inia shingoni, kikapu cha unga kichwani. Nilimtambua kwa ukali wa macho kabla hajasema yeye ni kitukuu cha nani. Nyuma yake barabara ilikuwa imejaa hadi mtoni. Aliniamkia, nikaitikia marahaba. Akatua kikapu miguuni pangu.

"Nani kafa, bibi?"

"Salum," nikasema.